Kanuni ya Saba Ukutani

Jumapili, 2 Machi

Nimefika. Mdogo wangu amenipa chumba cha nyuma, kinachopakana na karakana, na humu kila kitu kinanukia waridi: mto, pazia, hata kamba ya kuanikia nguo. Yeye mwenyewe amekonda. Mumewe alifariki miezi minane iliyopita, na huu ni msimu wake wa kwanza kukamua mafuta ya waridi bila yeye. Mnunuzi naye ameweka sharti: chupa kumi zilizojaa kabla maua hayajaisha, la sivyo mwakani atahamia kwingine. Maua huchukua wiki sita tu. Shemeji alikuwa akifikisha kumi na moja, hata kumi na mbili.

“Dada, uwe jicho langu,” ameniambia akinimiminia chai. “Mimi nashinda shambani na wachumaji. Karakanani yuko Fundi peke yake.”

“Humwamini?”

“Namwamini. Ila sijui anafanyaje huko ndani.”

Mimi nimesahihisha mitihani ya Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Mtu akiniambia hivyo, najua pa kuanza kuangalia.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaa karakanani tangu asubuhi na kiti changu. Fundi ni mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, anapiga mluzi akiwa amefurahi na anapiga mluzi akiwa amekasirika, kwa hiyo mluzi wenyewe haukusaidii kitu. Amefanya kazi hapa miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe nimeielewa upesi. Maua yaliyochumwa kabla ya jua huingia kwenye pipa kubwa la shaba ambalo Fundi analiita Bibi, kwa sababu lina tumbo, linakaa pale pale na linaguna likipashwa moto. Maji yanatiwa, moto unawashwa. Mvuke unapita kwenye mrija uliozamishwa kwenye maji baridi, unageuka matone, na matone yanaangukia kwenye chupa ya kioo yenye shingo ndefu. Mafuta huelea juu, utando mwembamba kama wa mchuzi uliopoa. Fundi anayafyonza kwa bomba la sindano. Gunia zima la maua, na unachopata hakijazi kifuniko cha soda.

Halafu nimeona jambo. Maji yanayobaki chini ya yale mafuta hayamwagi. Anayabeba kwa ndoo hadi kwenye stoo, anafunga kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni.

Nimeuliza, “Ufunguo mwingine anao nani?”

“Alikuwa nao Marehemu,” amejibu. “Tumemzika nao, nadhani.” Akacheka peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemwona akitoa maji ya jana stooni na kuyamimina ndani ya Bibi, juu ya maua mapya.

“Hayo si yalishachemshwa?”

“Yanarudi kwa Bibi.”

“Kwa nini?”

“Wewe kaa tu, Mwalimu. Ukikaa utaona.”

Sipendi majibu ya namna hiyo. Wanafunzi waliokuwa wakinijibu hivyo walikuwa hawajafanya kazi ya nyumbani. Nimekaa hadi saa kumi, na nilichokiona ni mtu anayeongeza maji palipo na maji.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Maua yaliyolowa hayafai. Hakuna kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi ametoka saa kumi na moja jioni na gunia begani, limefunikwa kitambaa. Nimemfuata kwa mbali, mimi na magoti yangu haya. Kwake si mbali, nyumba ya tatu baada ya kinu cha kusaga. Amemwaga gunia kwenye bustani ya vitunguu: maua yaliyochemshwa, mabaki. Mkewe amenikuta nimesimama nje ya ua, akanikaribisha. Nimesema nilikuwa napunga upepo.

Vitunguu vyake ni vizuri. Lakini mtu anayebeba takataka hadharani anaweza pia kubeba kitu kingine ndani ya takataka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu amenipa kitabu kilichokuja na Bibi siku shemeji alipomnunua. Ni kitabu kikuukuu cha Kiingereza cha kizamani, kurasa tisini. Anataka kanuni za kazi niziandike kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani, ili kila mtu ajue cha kufanya na asiwepo wa kusema “ukikaa utaona.” Nimefurahi kama msichana. Tangu nistaafu hakuna aliyeniomba kitu kinachonihitaji mimi hasa.

Jumatano, 12 Machi

Kanuni sita tayari. Jinsi ya kuosha mrija, jinsi ya kupima moto. Rahisi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwama. Kanuni ya saba ina kitenzi nisichokijua: cohobate. Inasema ulifanye neno hilo kwa maji ya kwanza kabla ya kuanza siku ya pili. Kamusi yangu kubwa, ile niliyozawadiwa na shule, hailijui. Imeruka kutoka neno moja hadi jingine kana kwamba hapo katikati hapajawahi kuwa na kitu. Kamusi ndogo ndiyo kabisa.

Mdogo wangu amepita mlangoni. “Vipi, Dada, kinakupa tabu?”

“Hata kidogo,” nimesema.

Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa watu kwamba kuuliza si ujinga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelifikiria usiku na mchana. Mafuta yakishatolewa, kinachobaki ni maji. Maji yasiyo na mafuta ni uchafu wa kazi. Kabla ya kuanza siku ya pili utafanya nini na uchafu wa siku ya kwanza? Utaumwaga. Haiwezekani kitabu cha wataalamu kikubaliane na ndoo za Fundi.

Nimeandika: 7. Maji ya kwanza yamwagwe yote kabla ya kuanza kazi ya siku ya pili.

Mwandiko umetoka mzuri sana.

Jumamosi, 15 Machi

Karatasi imebandikwa. Fundi ameisoma akiwa amesimama, mikono nyuma, kanuni moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kukubali. Alipofika ya saba, mluzi ulikatika.

“Hii ya saba ni kitabu kimesema?”

“Kitabu kimesema.”

“Kimesema hivi hivi?”

“Fundi, unajua Kiingereza?”

“Sijui.”

“Basi.”

Amemgeukia mdogo wangu. “Mama, Marehemu hakufanya hivi hata siku moja.”

Mdogo wangu ameniangalia mimi. Mimi nimeangalia karatasi. “Tufuate kitabu, Fundi,” amesema. “Mwaka huu siwezi kubahatisha.”

Fundi amevua ufunguo shingoni, amefungua stoo, na amemwaga mapipa matatu kwenye mtaro mbele ya macho yetu. Nimeona jinsi alivyobana midomo na nikajisemea, ahaa, pameuma.

Jumatatu, 17 Machi

Mtaro wetu unanukia kuliko bibi harusi. Jirani amepita akauliza kama tumeamua kuwafukizia panya.

Alhamisi, 20 Machi

Utando kwenye chupa umekuwa mwembamba. Siku tano hizi tumepata kiasi ambacho zamani kilikuwa cha siku mbili. Chupa za mnunuzi zilizojaa ni tatu, na nusu ya msimu inakaribia.

Nimemuuliza Fundi kulikoni. “Muulize kitabu,” amesema.

Jibu la mtu mwenye jambo.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tena. Nimehesabu mabomba ya sindano: yalikuwa manne, sasa ni matatu. Nimemwambia mdogo wangu. Amesema, “Mume wangu alikuwa akimwita Fundi ‘ndugu yangu.’” Nimemjibu kwamba ndugu ndiye anayejua ulipoficha vitu. Nilijisikia mwenye busara sana nilipolisema hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Utando wa siku nzima haujazi hata kijiko cha chai.

Jumatano, 26 Machi

Leo imekuwa siku mbaya, nami nataka niiandike yote.

Mdogo wangu alirudi kutoka shambani mapema, saa nne, na viatu vyake vya matope. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga. Fundi alikuwa anachochea moto. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu.

“Fundi,” alisema, “mafuta yangu yako wapi?”

“Yapo mtaroni, Mama.”

“Usinifanyie mzaha.”

“Sikufanyii mzaha. Nimeyamwaga mwenyewe, kwa ndoo, kila siku, kama mlivyoniambia.”

“Ulimwaga maji!” nikadakia. “Maji na mafuta mtoto mdogo anavitofautisha.”

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana macho ya mtu aliyechoka, si ya mtu mjanja. Nililiona, na nikaliweka kando. “Mwalimu,” alisema, “wewe huamini pua yako? Mtaro wote unanukia. Unadhani kinachonukia ni nini?”

Ningelitafakari swali lile hata kwa dakika moja, yasingetokea yaliyotokea. Badala yake niliuliza bomba la nne la sindano lilipo.

Alipapasa mfuko wa shati, akalitoa. Ncha yake ilikuwa imevunjika. “Nilikuwa nalipeleka kwa fundi vyuma wiki iliyopita. Nikasahau.”

“Wiki nzima?” nilisema.

Mdogo wangu alianza kulia. Anapolia hufumba macho, tangu utotoni. Akasema akiwa amefumba macho hivyo hivyo, “Fundi, kama unachukua, niambie tu. Sitakupeleka popote. Niambie tu.”

Hapo Fundi akavua kamba ya ufunguo shingoni. Sikutegemea ingemchukua muda. Kamba ilikuwa imenasa kwenye kola. Aliuweka ufunguo juu ya mfuniko wa Bibi, ambao ulikuwa wa moto, kwa hiyo mdogo wangu hakuweza kuushika. “Miaka kumi na tisa,” alisema. “Marehemu aliniachia hata watoto wake niwalinde, walipokuwa wadogo.” Akachukua koti lake akaondoka.

Sasa ni jioni. Ufunguo umepoa. Uko mezani kwangu.

Ijumaa, 28 Machi

Tunafanya kazi mimi na mdogo wangu. Nimechoma mkono kwenye mrija.

Jumatatu, 31 Machi

Ajabu. Fundi hayupo, na mafuta hayajaongezeka. Nimeanza kuwaangalia wachumaji. Pengine wanapunja magunia. Nimemwangalia pia dereva anayeyaleta. Asubuhi nimemwangalia hata mdogo wangu alipoinama kwenye chupa na mgongo wake ukanizibia, nikajikuta nimeinuka kitini nione mikono yake. Akageuka, akauliza, “Vipi, Dada?” Nikasema miguu imekufa ganzi.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimefunga mlango wa karakana kwa ndani nikafanya kazi peke yangu. Nimepima maua mwenyewe. Nimekaa mbele ya chupa kutoka tone la kwanza hadi la mwisho, sikuinuka hata kunywa maji. Hakuna mkono mwingine uliopita pale. Na utando ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo hakuna mwizi.

Nimeingiza kidole kwenye ndoo ya maji niliyokuwa naenda kuyamwaga, nikakinusa. Halafu nikasoma karatasi ukutani, kanuni ya saba, kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Nina mwanafunzi wa zamani ambaye sasa ni mfamasia katika kiwanda cha dawa. Nimemwandikia ujumbe kwenye simu. Nimeandika kwamba kuna mtoto wa jirani ameniuliza maana ya neno fulani nami kamusi yangu sijui nimeiweka wapi. Hata nikiwa nazama naona haya kupiga kelele.

Alhamisi, 3 Aprili

Amejibu. Nanakili kama alivyoandika:

“Shikamoo Mwalimu! Huyo mtoto anasoma vitabu gani jamani! Hilo ni neno la wakamuaji mafuta na watu wa maabara wa zamani, siku hizi halitumiki sana. Maana yake ni kuyachukua maji yaliyotoka kwenye mvuke na kuyarudisha kwenye chombo, juu ya maua au majani, kisha kuyachemsha tena. Linafanywa kwa sababu maji hayo yanakuwa yameshika mafuta yasiyoonekana kwa macho. Kwa waridi ndiyo lazima kabisa, mafuta mengi yamo kwenye maji, yale yanayoelea ni kidogo tu. Ukimwaga maji umemwaga mali. Mwambie akazane!”

Yanarudi kwa Bibi. Alilifanya neno hilo mbele yangu, na ndoo mkononi, siku ya nne tangu nifike.

Ijumaa, 4 Aprili

Mdogo wangu ameuliza kwa nini sili. Nimesema jino.

Jumamosi, 5 Aprili

Ningeweza kubandua karatasi na kuandika nyingine. Ningesema nimepata kitabu kipya zaidi. Ningesema kitabu kilikosewa kiwandani. Nimefikiria yote hayo kwa utaratibu, kama mtu anayechagua kitambaa. Nimefua pazia.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi simu ya mdogo wangu imelia. Ni mwenye karakana ya upande wa pili wa mji. Fundi amekwenda kuomba kazi kwake, naye anataka kujua ni mtu wa aina gani. Nilikuwa napanga vikombe. Nimemsikia mdogo wangu akivuta pumzi, akasema taratibu, “Kazi anaijua. Ila mikono yake… siwezi kukudanganya.”

“Kata simu,” nimesema.

Amenishangaa.

“Mwambie utampigia baadaye. Kata.”

Amekata. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, kikombe mkononi: neno nisilolijua, kamusi, siku nzima niliyokaa nalo, na jinsi nilivyoandika kile nilichokuwa nakishuku badala ya kile kilichoandikwa. Nimemwambia kwamba alinikuta nimekwama, akaniuliza, nikamdanganya. Nimemsomea ujumbe wa mfamasia, pamoja na ile sehemu ya mtoto wa jirani.

Hakulia. Ningependa angelia. “Unajua nimemwita mwizi,” amesema. “Kwa mdomo wangu huu. Mtu aliyembeba mume wangu kaburini.” Kisha akaenda dirishani, akautazama mtaro. “Wiki tatu nzima, Dada. Kwa neno moja, na ulikuwa na ulimi wa kuuliza.”

Mficha uchi hazai. Nimeifundisha methali hiyo ubaoni kila mwaka.

Amempigia tena yule bwana mbele yangu, akamwambia, “Nilikosea. Mikono yake ni misafi kuliko yangu.”

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi, safari hii kwa mlango wa mbele. Mkewe amenipokea kwa heshima, lakini hakuniuliza kama napunga upepo. Fundi alikuwa anavuna vitunguu. Nimemweleza. Alisikiliza akiendelea kung’oa.

“Kwa hiyo kitabu kinasema nilichokuwa nafanya,” amesema.

“Kinasema hasa ulichokuwa unafanya. Hata jina lake limo.”

“Lina jina?” Hapo akaacha kung’oa. “Marehemu na mimi tuliligundua wenyewe, mwaka wa pili. Tulimwaga maji msimu mzima, kama nyie. Siku moja nikawa nafulia shati kwenye yale maji, likanukia hadi Ijumaa. Nikamwambia, bosi, mbona shati langu limeshiba kuliko chupa yako?”

“Kwa nini hukunieleza siku ile nilipokuuliza?”

“Ulikuwa umekaa na daftari, Mwalimu. Mtu akinikalia na daftari, ulimi unakufa.” Akapangusa mikono. “Na mimi nina kiburi changu. Siyo wewe tu.”

Nimemwomba msamaha. Nimeomba vibaya, kwa maneno mengi. Amesema atarudi kwa mambo mawili. La kwanza, karatasi isibanduliwe; kanuni ya saba ikatwe pale pale ilipo, kila mtu aone imekatwa. La pili, nimsomee kitabu chote, kurasa tisini, kwa Kiswahili, yeye akiwa amekaa.

“Na ukifika usipopajua,” amesema, “useme.”

Jumatano, 9 Aprili

Fundi amerudi. Nimeikata kanuni ya saba kwa kalamu nyekundu, ile niliyokuwa nawakatia wengine. Chini yake nimeandika: Kosa la Mwalimu. Wachumaji wamekuja kutazama. Mmoja ameuliza kama nitajipa na alama.

Bomba la nne limetengenezwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Utando umenenepa. Mluzi kutwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Maua ya mwisho.

Jumatatu, 14 Aprili

Mnunuzi amekuja. Chupa ni saba. Amezipanga mezani, akazitazama kwa muda kana kwamba nyingine tatu zitatokea. Akauliza, “Ni mvua?”

Mdogo wangu amefungua mdomo. Najua angesema ndiyo, ni mvua, ili anisitiri. Nimemtangulia. “Si mvua. Ni mimi. Nilitafsiri nisichokijua, mafuta yakaenda mtaroni. Fundi alijua, hatukumsikiliza.”

Mnunuzi amemwangalia Fundi, akanusa chupa moja, akaifunga. Amechukua zote saba. Kuhusu mwakani amesema ataona. Mdogo wangu amemsindikiza hadi kwenye gari, na nimewaona wamesimama pale muda mrefu. Aliporudi alisema tu, “Ameuliza kama Fundi atakuwepo.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimemwambia amuulize Fundi.”

Chakula amenipakulia, lakini kijiko amekisahau, na mdogo wangu hasahau vijiko.

Jumanne, 15 Aprili

Bibi ameoshwa, amefunikwa gunia. Fundi amekuja saa tatu, amevaa shati la kutokea. Ameleta kigoda chake na kitunguu kimoja kikubwa, amekiweka juu ya meza bila maelezo. Mdogo wangu amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakuingia wala hakuondoka.

Nimesoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fundi anasikiliza akiwa amefumba macho. Mara mbili amenisimamisha aseme, “Hapo wamekosea,” na mara moja, “Hapo wamenizidi.” Ukurasa wa nne, mstari wa sita, nikakutana na neno jingine, refu, la kizamani, ambalo sijawahi kuliona maishani. Nililiruka kwa macho. Ningeweza kuliruka na kwa mdomo pia; sentensi ingesimama bila hilo, na katika chumba kile hakuna ambaye angejua.

“Mbona kimya?” Fundi ameuliza, macho bado yamefumbwa.

“Hapa sipajui,” nimesema.

Amefumbua macho. Mdogo wangu ameingia, ameweka kikombe chake mezani, akavuta kiti. Fundi naye amesogeza kigoda hadi goti lake likagusa meza, akauinamia ukurasa asioweza kuusoma.

“Haya,” amesema. “Soma lililotangulia na linalofuata, tuone walikuwa wanafanya nini.”